Nyumba Isiyo na Binti

Nilipojifungua mtoto wangu wa nne, mama yangu aliingia wodini, akafunua kanga aliyofunikwa mtoto, akatazama, akafunika tena. "Mungu ni mwema," akasema, kwa sauti ile anayotumia kwenye msiba wa mtu asiyemfahamu vizuri. Mimi nilikuwa nimelala pale, damu ya mtu mwingine inaniingia tone kwa tone, na bado nilitamani kumrushia bakuli la uji. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya, analia kwa nguvu zake zote. Kosa lake lilikuwa moja tu, alikuwa mvulana.

Najua ziko sehemu za nchi hii ambako mwanamke mwenye wavulana wanne anatembea kifua mbele. Aje kwetu milimani aone. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba ni la ukoo, na shamba linashuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanao wa kiume atalima shamba lako mpaka azeeke na hakuna wa kumfukuza, lakini watoto wake ni wa ukoo wa mke wake, kwa hiyo akifa amekwenda na haki yake. Kwa hesabu ya wazee wetu, mimi na wavulana wangu wanne tulikuwa nyumba iliyokwisha.

Padri aliyenibatiza aliniita Modesta, na nasikia maana yake ni mtu wa kiasi. Hakusubiri kuniona nikikua. Mama yangu, Yuliana, alizaa watoto saba akazika sita. Wawili walikwenda na surua ndani ya wiki moja. Nilibaki mimi, na tangu nikiwa mdogo nilijua kwamba nimebeba watu ambao hawajazaliwa bado. Mama alikuwa ameliweka jina la mama yake mzazi, Sikitu, kwa ajili ya binti yangu. Wajukuu wengine wa ukoo walikatazwa wasipewe. Kila nilipopata mimba alianza kulitaja jina hilo jikoni, na kila nilipojifungua alilirudisha alikokuwa amelihifadhi.

Wanangu wote wanne walichanjwa. Niliwapeleka mwenyewe, mgongoni, mpaka kliniki ya misheni, na hakuna aliyekufa. Nilidhani hilo nalo lingehesabiwa. Zamani mwanamke alizaa wengi kwa sababu hakujua nani atabaki. Mimi wangu wamebaki wote, wanakula ndizi mkungu mzima kwa siku mbili, na bado naambiwa sijazaa vya kutosha.

Shamba lenyewe lilikuwa bondeni, chini ya kijiji chetu, upande wa kupandia kutoka Mkuyuni. Udongo mweusi, kijito pembeni, hata kiangazi magimbi hayanyauki. Miaka yote lilikuwa shamba tu kama mashamba mengine. Kisha serikali ikaachia biashara, ushirika ukalala, na malori ya Dar es Salaam yakaanza kuja mpaka Mkuyuni kununua ndizi na machungwa kwa mkulima mwenyewe. Mbolea ya bei nafuu ikapotea, hospitali ikaanza kudai tuchangie matibabu, shule ikataka hiki na kile, na kila mtu akageuza macho kutazama nani ana ardhi gani. Watu wa mjini wenye viatu safi wakaanza kupanda mlima kuuliza kama kuna kipande kisicho na mwenyewe.

Ndipo Mjomba Gervas alipokuja kwangu, Jumapili baada ya misa. Yeye ni kaka mkubwa wa mama na ndiye mkuu wa ukoo, wa lukolo kama wazee wanavyouita. Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenibeba begani siku nilipotolewa nje nikiwa mwali, na Innocent, huyo wa nne, alipozaliwa, alileta kuku wawili na akalia machozi kwa kuwa mimi sikufa. Ndiyo maana aliniudhi zaidi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Wajomba wa kwetu humwita mpwa wao mama, kwa maana ndiye atakayewazalia ukoo. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai kwanza, kisha akaikubali. "Nimekuja kwa jambo la bondeni. Shamba lisilo na wa kulirithi siku hizi linavuta maneno. Nataka ukoo ujue linakwenda kwa nani."

"Mimi bado nipo, mjomba. Sijafa."

"Hujafa. Lakini huna binti."

Nikamwambia alichosema daktari, kwamba nikibeba mimba nyingine naweza nisirudi kutoka huko leba. Nilimweleza wazi jinsi kizazi kilivyokataa kusinyaa, jinsi damu ilivyojaa godoro. Wanaume wa umri wake hawapendi kuambiwa mambo hayo na akina mama wa umri wangu. Aliangalia kikombe chake.

"Madaktari wanasema mengi," akasema. "Hata mama yako aliambiwa."

"Aliambiwa na nani? Wakati wa mama hakukuwa na daktari huku."

Akapuliza chai. "Mmoja tu, Modesta. Mmoja wa mwisho."

"Akiwa mvulana?"

"Basi utajaribu tena."

Alisema hivyo bila aibu, kwa upole kabisa. Kisha akanipa masharti. Baada ya mavuno, mwali wa Veronika angetolewa nje, na ukoo wote ungekusanyika. Veronika ni mtoto wa dada yake mama, marehemu. Alikuwa na mabinti saba, wamesongamana kule juu mgongoni mwa mlima ambako mvua imeshachukua udongo wote. Kama siku hiyo mimi singekuwa na mimba, Mjomba angetangaza mbele ya watu kwamba bonde lote linakwenda kwa mabinti wa Veronika, msimu ule ule. Mimi na mume wangu na wavulana tungetafuta pa kulima.

"Na mama anasemaje?" nikauliza.

"Mama yako ndiye aliyeniomba nikupe nafasi hii ya mwisho. Yeye hataki bonde lihamie nyumba ya pili, ya dada yake."

Akamaliza chai, akaaga. Nilivunja kuni za wiki nzima siku ile.

Akina mama wa jumuiya ya kanisani walipopata habari wakaja kuniombea nipate mtoto wa kike. Niliwashukuru, nikawaomba waniombee kwanza damu, kwa maana hospitali haikuwa nayo ya kutosha mara iliyopita na sikuwa na hakika kama mara hii wangeipata. Mmoja aliniambia natania mambo ya Mungu. Nikamwambia mimi sitanii hata kidogo, aje apime mwenyewe kwa ndoo damu iliyonitoka.

Tulikuwa tumekwisha jaribu njia ya masista, ya kuhesabu siku za hatari na kukaa mbali mbali. Ni njia nzuri kwa mtu ambaye mume wake anajua kusoma kalenda na ambaye mwezi wake hautangatangi. Wangu unatangatanga. Innocent ni mtoto wa kalenda, na nampenda, lakini sikuwa tayari kuwaachia wavulana wanne wakamlilie mama yao kwa ajili ya kalenda nyingine.

Kwa hiyo nikashuka mjini na mume wangu, Stefano. Tulifikia kwa dada yake, mtaa wa Mafiga, na asubuhi tukaenda kliniki ya uzazi wa majira. Nesi alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kuhusu vidonge, sindano, na kile kitanzi cha ndani, na akasema kwa hali yangu na umri wangu salama zaidi ni kufunga kizazi moja kwa moja. Nikasema nifunge hata leo.

"Baba aweke sahihi hapa," akasema, akamsogezea Stefano karatasi.

"Huyu?" nikasema. "Huyu kule kwetu hawezi hata kupanda mnazi bila kuuliza ukoo wangu. Alikuja kwangu na begi moja na jembe. Kwenye shamba haulizwi kitu, leo kwenye tumbo langu ndiye mwenye mali?"

"Ndio utaratibu, mama," nesi akajibu, na nikaona amezoea kugombezwa kwa ajili ya ile karatasi.

Stefano aliishika kalamu. Aliishika muda mrefu, mtu mwenye mikono mikubwa, kalamu imepotea ndani yake. Kisha akasema anaomba akafikiri nje kidogo. Nesi akaita mgonjwa mwingine.

Sikumsemesha mpaka tulipokuwa tunapanda mlima, mimi mbele yeye nyuma. Ndipo akaanza mwenyewe.

"Nikiweka sahihi, Modesta, nimeondoa bonde kwa mkono wangu mwenyewe."

"Bonde si lako."

"Najua si langu. Ndiyo maana. Kwetu Kiroka dada zangu wameshagawana, nikirudi narudi kama mgeni. Nitawapeleka wapi watoto? Nikabebe mifuko ya mpunga Dakawa?" Akapumua. "Mwanamke wa kijijini kwenu akifunga kizazi, mjomba wake ana la kusema. Mume ana la kusema gani? Anaondoka tu."

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikugundua kuwa anasema kweli. Nilimwambia kama anataka binti sana akamzae mwenyewe. Hatukuzungumza tena mpaka nyumbani, na hata nyumbani tuliongea habari za chumvi na mafuta ya taa tu, kwa majuma.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikibeba mimba naweza kufa, na labda nikafa kwa ajili ya mvulana wa tano. Nisipobeba, wanangu wanakosa shamba, na mume wangu anakosa mahali pa kusimama. Mama alikuwa ameanza tena kutaja jina la Sikitu jikoni ingawa tumbo langu halikuwa na kitu. Analitaja huku anachambua mchicha, kana kwamba anaita kuku.

"Mama, usiite mtu ambaye hayupo," nikamwambia siku moja.

"Atakuja."

"Haji. Nimefunga mlango."

Aliacha mchicha akaniangalia. Ana macho madogo ambayo hayakubali kushindwa. "Mimi nilizaa saba," akasema. "Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimechoka."

Siku ya mwali ilifika. Msichana mwenyewe anaitwa Happiness, wa nne wa Veronika, alimaliza darasa la saba mwaka uliotangulia. Alikuwa amekaa ndani kwa miezi kadhaa, siku hizi hawakai miaka kama zamani, na alipotoka alikuwa amenenepa, ngozi imetakata, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Walimbeba begani kuzunguka uwanja, uso umefunikwa kanga, ngoma inapigwa, wanawake wanapiga vigelegele. Kangara ilikuwepo mapipa mawili, na togwa kwa wasiokunywa. Watu walikuja kutoka Mkuyuni, kutoka Matombo, hata vijana wa ukoo wanaofanya biashara ya mitumba mjini walikuja wamevaa jinzi, wanasema "poa" kwa kila kitu.

Kwetu kuna jambo moja linafanyika siku hiyo, na mengine yote ni mbwembwe. Mwali akishashushwa, mama yake anamshika mkono mbele ya ukoo na kumwonyesha shamba. Kama shamba linaonekana, anamwonyesha kwa kidole. Kama haliko karibu, wanatembea mpaka mpakani. Shamba lililoonyeshwa limeonyeshwa. Mjomba, hata awe mkuu kiasi gani, hawezi kulitoa kwa mtu mwingine, ila nyumba ikikosa binti, kama yangu. Na papo hapo msichana anapewa jina la ukubwa, ambalo ukoo utamwita mpaka afe.

Happiness alishushwa. Veronika alisimama karibu naye, na nikaona uso wake. Mabinti watatu wakubwa walikwisha onyeshwa vipande vyao kule mgongoni, vipande vya kupandia mihogo, na hakukuwa na kilichobaki cha kuonyesha. Aliangalia juu mlimani, akaangalia chini. Alikuwa anasubiri Mjomba atangaze.

Mjomba Gervas akainua mkono ngoma inyamaze. Akaniangalia mimi kwanza, akaliangalia tumbo langu, wala hakuficha. Halafu akatikisa kichwa kwa huzuni, na ilikuwa huzuni ya kweli.

"Ndugu zangu," akaanza, "mnajua kwamba kwenye ukoo wetu kuna nyumba mbili—"

Nikasimama. "Mjomba, naomba niseme kabla yako."

"Kaa, mama. Utasema baadaye."

"Baadaye hakuna cha kusema." Nilikwisha fika katikati ya uwanja. "Mnasema nyumba yangu haina binti. Nimesikia kanisani, nimesikia kisimani, nimesikia kwa mama yangu mwenyewe. Sasa naomba mtu mmoja anijibu." Nikamgeukia Happiness, ambaye kwa desturi alitakiwa kuangalia chini na kukaa kimya. "Happiness, mimi unaniitaje?"

Akamwangalia mama yake.

"Jibu tu, mwanangu. Kila siku unaniitaje?"

"Mama mkubwa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Mama mkubwa," nikarudia ili hata wanywaji wa nyuma wasikie. "Hakuna aliyemfundisha leo. Alianza kuniita hivyo kabla hajaota meno yote. Mimi na mama yake tumetoka kwa mama wawili waliotoka tumbo moja, na kwa lugha yetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Akifiwa na mamake, nani anamlea? Mimi. Akiolewa, nani anakaa upande wa mama? Mimi. Akifanya utovu wa adabu, nani anamchapa? Mimi, na nilishamchapa. Mambo yote hayo mimi ni mama. Ikija ardhi, ghafla mimi ni tasa wa mabinti."

Watu walicheka, na nikaacha wacheke. Kisha nikamshika Happiness mkono. Mkono ulikuwa unateleza kwa mafuta, nikaukamata kwenye kiganja na kumgeuza atazame bondeni, kwa maana kutoka pale uwanjani bonde lilionekana vizuri, migomba yote na mstari wa kijito.

"Unaona pale kwenye mwembe mdogo? Kuanzia pale kwenda juu mpaka kwenye mawe ni kwako kuanzia msimu huu. Hapo mwembeni kwenda chini nalima mimi na wanangu mpaka tutakapochoka, halafu nako ni kwako. Nimekuonyesha. Mmeona wote nimeonyesha."

Hapakuwa na kigelegele. Mjomba alikuwa amesimama mdomo wazi. Alitaka bonde liende kwa mabinti wa Veronika na sasa lilikuwa limekwenda, ila halikupitia mkononi mwake, na halikuacha nyuma mtu wa kufukuzwa. Nilimwona anatafuta kosa na halipati.

"Bado sijamaliza," nikasema. "Kuna sharti moja. Huyu mtoto asiulizwe tumbo. Akizaa wawili, sawa. Akizaa saba, ni shauri lake na mumewe. Akizaa wavulana watupu, asiletewe mtu kukaa kwenye kigoda na kunywa chai yake na kumwambia ajaribu tena. Veronika ana mabinti saba. Kila mmoja akizaa saba kwa kuogopa wazee, huu mlima mtawapanga vipi, mmoja juu ya mwingine? Hatufi tena kama zamani. Watoto wanachanjwa, wanabaki. Mnaendelea kutuhesabia kama vile kesho surua inakuja kuwapunguza."

Veronika alianza kulia. Sikujua kama ni furaha au anaona nimemnyang'anya mtoto, kwa hiyo nikamwambia, "Hujapoteza mtoto, mdogo wangu, umepata wa kukusaidia kumlea." Akaja akanikumbatia, naye akanipaka mafuta ya mwali gauni zima.

"Na jina?" akauliza mtu nyuma. Ni hao vijana wa jinzi. "Mwali bado hana jina."

Nilikuwa nimeshafikiri hilo, na ndilo lililonitisha kuliko kusimama mbele ya Mjomba. Nikasema, "Anaitwa Sikitu."

Mama yangu aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wazee. Hakuna aliyemsaidia. Alikuja mpaka katikati na fimbo yake, akasimama mbele yangu, na nilijua kwamba kama yupo mtu pale mwenye uwezo wa kulikataa jina, ni yeye.

"Hilo ni jina la nyumba yangu," akasema.

"Nyumba yako ni mimi, mama."

"Nimelitunza kwa ajili ya mtoto wa tumbo lako. Miaka yote. Mimi nilizaa saba nikazika sita, sikuogopa."

"Mimi naogopa."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilikuwa nimepanga maneno mengine, makali, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi shambani. Yakatoka hayo.

"Naogopa, mama. Siku ile ya Innocent nilisikia miguu inapoa, nikawa nawaza nani atampa Innocent maziwa. Sitaki kufa. Unataka Sikitu, na mimi unanitaka? Ukiniambia nizae nitakwambia hapana, na ukilia nitakwambia hapana, lakini usiniambie kwamba hukuogopa. Ulizika sita. Ulikuwa unaogopa kila mara, ila hapakuwa na wa kumwambia."

Mama aliegemea fimbo yake. Nikadhani atanilaani.

"Wa tatu," akasema mwishoni, polepole, bila kumwangalia mtu, "nilipomaliza kumzika wa tatu, nilimwomba Mungu nisipate tena. Nikapata wanne." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Hakuna aliyeniuliza."

Kisha akamgeukia Happiness, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anavyotazama jogoo sokoni, na akafungua kanga yake ya juu, ya pili, ile nzuri, akamfunga msichana kiunoni.

"Sikitu," akamwita.

Happiness alikuwa hajui kama anaruhusiwa kujibu. "Abee, bibi," akasema hata hivyo.

Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka. Mjomba Gervas alikaa kwenye kigoda na kuomba kangara, akanywa, akaomba nyingine. Baadaye aliniita pembeni akasema nimemdharau mbele ya watu. Nikamwambia ni kweli, na kwamba kama angekuja nyumbani siku ile bila masharti tungeyamaliza jikoni. Alifikiri, akasema, "Lakini umeonyesha vizuri. Mpaka uko wazi." Hiyo ndiyo pole pekee niliyowahi kupata kutoka kwake, na niliipokea.

Stefano alinikuta nyuma ya nyumba nafua gauni. Alichukua ndoo, akanimwagia maji bila kuombwa.

"Hukuwahi kuniambia unaogopa," akasema.

"Wewe ndiye uliyenibeba kwenye machela mpaka barabarani. Ulihitaji kuambiwa?"

"Nilidhani umesahau. Ulivyopona ukaanza kugombana na kila mtu, nikadhani umesahau." Akaiweka ndoo chini. "Mimi sijasahau. Nilikuwa naogopa shamba kwa sababu shamba naweza kulitaja."

Nilikuwa na jibu kali tayari, nikalimeza. Nikamwambia alikamue lile gauni, ana mikono mikubwa.

Mwezi uliofuata tulishuka mjini tena. Kliniki ilikuwa ile ile, nesi mwingine, kijana, mwenye haraka, ambaye hakutujua. Stefano aliweka sahihi kabla hajaonyeshwa pa kuiweka, ikabidi apewe karatasi nyingine. Kisha nesi akanigeukia na maswali yake.

"Mama, una watoto wangapi walio hai?"

Stefano akafungua mdomo aseme wanne. Nikamgusa goti.

"Watano," nikasema. "Wavulana wanne na msichana mmoja."

"Vizuri, wa kiume na wa kike unao," nesi akasema, anaandika. "Na mtoto wa mwisho ana umri gani?"

"Wa mwisho ni huyo msichana," nikamjibu. "Ana miaka kumi na tano. Nimempata juzi juzi tu, na sikutokwa hata tone la damu."